Jinsi ya kuibana halmashauri mpaka inunue chakula kwa mashamba ya familia

Kampeni nyingi za kutetea wakulima wadogo hufia kwenye bango. "Tumuunge mkono mkulima" ni maneno ambayo hakuna kiongozi atakayeyapinga, na ndiyo maana hayamgharimu chochote: diwani anapiga makofi, anapigwa picha, anaondoka, na zabuni ya chakula cha shule inakwenda kwa msambazaji yuleyule wa mwaka jana. Kinachozaa matunda ni dai moja, dogo, linaloandikika kwenye kanuni, likipelekwa kwa mwenye kalamu kabla bajeti haijafungwa, tena likiwa na hesabu ambazo wakulima wamezipima wenyewe.

Mwongozo huu unafuata dai moja la aina hiyo mwanzo hadi mwisho: shule, hospitali na majiko mengine ya umma yanunue sehemu ya chakula chao kwa mashamba ya familia yaliyo karibu. Kama shida yenu ni eneo la soko, maji au ardhi, kazi inakwenda kwa mtindo uleule.

Andikeni dai kwa sentensi moja, kisha livunjeni

Anzeni na sentensi kama hii: "Kuanzia mwaka wa fedha ujao, angalau asilimia 20 ya fedha za chakula cha shule za halmashauri zitumike kununua moja kwa moja kwa mashamba ya familia yaliyosajiliwa, na malipo yafanyike ndani ya siku 30 tangu mzigo kupokelewa." Inasomeka vizuri. Sasa ikagueni kama wakili wa upande wa pili, maana kila neno humo lina mlango wa kutorokea.

Asilimia 20 ya nini? Ya fedha, ya uzito, au ya idadi ya mikataba? Mkiacha wazi, halmashauri itatimiza ahadi kwa mikataba midogo kumi ya viungo huku fedha zote za nafaka zikibaki palepale. Dai la fedha ndilo rahisi kukagua kwa sababu ankara zipo. Brazili ilitunga sheria namba 11.947 mwaka 2009 ikataka angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu inazipeleka kwa ajili ya mlo wa shule zinunue kwa kilimo cha familia. Angalieni walivyobana: ni fedha, na ni fedha za mfuko mmoja unaojulikana.

"Shamba la familia" ni lipi? Hapa ndipo kampeni nyingi hupigwa chenga. Brazili ilikuwa imeshalijibu swali hilo mwaka 2006 kwa sheria nyingine, namba 11.326: ukubwa wa ardhi una kikomo, nguvu kazi iwe hasa ya familia, sehemu ya kipato itoke shambani humo, na familia yenyewe iendeshe shamba. Wizara ya kilimo ya Marekani, kwa upande wake, huita shamba la familia shamba lolote ambalo sehemu kubwa ya biashara inamilikiwa na mwendeshaji na ndugu zake. Kwa kipimo hicho zaidi ya asilimia 95 ya mashamba ya nchi hiyo ni ya familia, yakiwemo makubwa kupindukia. Mkiazima maana ya pili bila kujua, mmemfungulia mlango tajiri mliyekuwa mnamkwepa. Wekeni vipimo visivyopungua viwili, kimojawapo kiwe kikomo cha ukubwa au cha mauzo ya mwaka.

"Moja kwa moja" inamzuia dalali anayenunua mbali, akasajili kampuni karibu na jiko, kisha akajiita mkulima. Lakini msiibane mno. Wakulima wenyewe watahitaji kuuza kupitia ushirika au kikundi, kwa hiyo andikeni "moja kwa moja au kupitia kikundi ambacho wanachama wake wote ni wakulima waliosajiliwa."

Na "karibu"? Chunguzeni sheria ya ununuzi wa umma inayowahusu kabla ya kuliandika neno hilo popote. Katika Umoja wa Ulaya, mamlaka za umma haziruhusiwi kumpendelea mzabuni kwa sababu tu ya anakotoka. Marekani, tangu Julai 2024 kanuni za mlo wa shule zinaruhusu "chakula cha karibu" kiwe sharti la zabuni. Kabla ya hapo kiliweza kupewa upendeleo wakati wa tathmini tu. Mahali ambapo neno hilo limekatazwa, njia ya halali ni kueleza ubora ambao jirani ndiye anayeuweza kirahisi: mboga zifike jikoni ndani ya saa 24 tangu kuvunwa, orodha ya vyakula ifuate msimu, mzigo upelekwe mara tatu kwa wiki, na zabuni igawanywe mafungu madogo ya zao mojamoja. Fungu dogo peke yake lina nguvu kuliko hotuba kumi. Mkulima wa nusu ekari hawezi kushindania zabuni ya chakula chote cha shule 30 kwa mwaka mzima. Kwa mboga za shule mbili ataweza.

Kuna masharti mengine manne ya zabuni ambayo humtoa mkulima mdogo kabla hata bei yake haijasomwa: dhamana ya zabuni, kiwango cha chini cha mauzo ya miaka iliyopita, ulazima wa kuwa na gari la ubaridi, na muda wa malipo. Pata nyaraka za zabuni iliyopita, chukua kalamu nyekundu, zungushia kila sharti ambalo wanachama wenu hawawezi kulitimiza. Orodha hiyo ndiyo dai lenu la kweli. Mara nyingine inaonyesha kwamba hamhitaji asilimia yoyote. Kufuta masharti mawili kunatosha, na kufuta sharti ni rahisi kupitisha kuliko kuweka kiwango cha lazima.

Hesabu kwanza

Swali la kwanza la afisa ununuzi litakuwa: "Mnaweza kweli kuleta?" Msipokuwa na jibu lenye namba, kikao kimeisha hapo, hata kama mtaendelea kukaa nusu saa mkinywa chai.

Anzeni na mahitaji. Tuseme shule ina wanafunzi 400, na menyu inatoa mboga za majani mara tatu kwa wiki, gramu 120 za mboga iliyosafishwa kwa kila mwanafunzi. Hiyo ni kilo 48 kwa mlo, kilo 144 kwa wiki. Vijiti na majani yaliyochakaa huondolewa jikoni. Mkikadiria upotevu wa asilimia 15, mzigo wa kufika mlangoni ni 144 gawanya kwa 0.85, yaani kama kilo 170. Wengi hukosea hapa kwa kuongeza asilimia 15 juu ya 144 na kupata 165 na ushei. Tofauti ni ndogo kwa wiki moja, lakini kwa muhula mzima mpishi anapungukiwa na lawama ni za kwenu.

Sasa pimeni uwezo. Msiulize mkulima "unavuna kiasi gani?" kwa sababu atakujibu kwa mafungu, magunia au matumaini. Chukueni mizani ya kuning'iniza, kamba na vigingi vinne. Pimeni mita 1 kwa mita 1 katikati ya tuta (pembeni mimea hupata nafasi na mwanga zaidi, itawadanganya), vuneni kipande hicho peke yake kila wiki kwa wiki nne, pimeni na kuandika. Fanyeni hivyo kwenye mashamba yasiyopungua matano yenye udongo na maji tofauti. Ikitoka, kwa mfano, wastani wa robo kilo kwa mita ya mraba kwa wiki, kilo 170 zinataka mita za mraba 680. Ongezeni theluthi moja kwa ajili ya wadudu, ukame na mkulima atakayeugua. Mmefika kama mita 900: wakulima tisa, kila mmoja mita 100 za zao hilo tu.

Kisha choreni jedwali la miezi 12, mazao kushuka, miezi kuvuka, na katika kila kisanduku andika kilo zinazowezekana. Mashimo yataonekana. Yaacheni yaonekane. Kampeni inayoficha miezi ya upungufu hugunduliwa mwezi wa kwanza wa upungufu, na baada ya hapo hakuna afisa atakayewasikiliza tena. Mashimo hayo yanawaambia pia dai lianze na nini: zao moja au mawili mnayoyaweza mwaka mzima, mengine yaongezwe baadaye.

Hesabu ya mwisho ni ya fedha zilizoko mikononi mwa mnunuzi. Mkipeleka mzigo kila wiki na malipo yakachukua siku 60, wakati wote kuna mizigo minane au tisa ambayo haijalipwa. Ulizeni kila mwanachama kama anaweza kubeba mizigo tisa bila kuuza mbuzi au kukopa kwa riba. Wengi hawawezi, na hapo ndipo wanaporudi kwa dalali anayelipa taslimu kwa bei ya kutupa. Ndiyo sababu siku 30 zimo ndani ya dai kuu, si kwenye kiambatisho. Zikiwa siku 14 ni bora zaidi.

Watu

Mkutano wa hadhara wa watu 200 ni mzuri kwa picha. Kazi hufanyika kwenye vikao vya watu 8 hadi 12, nyumbani kwa mtu, visivyozidi saa moja na nusu. Ulizeni mambo matatu tu: unauza wapi sasa, nini kinakuzuia kuuza kwa bei nzuri, na uko tayari kufanya nini ndani ya wiki mbili zijazo. La tatu ndilo linalotenganisha wafuasi na watendaji. Asiyeondoka na kazi, hata ya kupiga simu mbili, hatarudi.

Pangeni muda kwa ratiba ya shamba: baada ya kukamua, si wakati wa kukamua. Anayelima na anayeitwa mwenye shamba mara nyingi si mtu mmoja. Mkialika kwa kufuata majina ya hati miliki mtapata wanaume wazee na kukosa wanawake wanaojua kila tuta. Alikeni kwa kutembea mashambani. Anayeahidi kuja, mkadirie nusu: viti 20, ahadi 40.

Leteni pia walaji. Mzazi wa mwanafunzi, muuguzi, mpishi wa shule. Wakulima peke yao wataonekana wanajitafutia soko, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Mzazi akisema mtoto wake anakula mboga iliyonyauka siku nne, mjadala unabadilika. Mpishi ni wa thamani kuliko wote. Yeye ndiye atakayepokea viazi vya ukubwa tofauti tofauti na kuvimenya kwa mkono, na asiposhirikishwa mapema atakuwa adui mwenye haki ya kulalamika. Muulize anataka mzigo saa ngapi, kwenye chombo gani, umeoshwa au la.

Fedha za kampeni hazihitaji kuwa nyingi, ila ziwe safi. Watia saini wawili benki, mapato na matumizi yasomwe kila mwezi mbele ya wote. Msipokee chochote kutoka kwa mgombea au chama. Katika nchi nyingi shirika lililosajiliwa kama la hisani huruhusiwa kutetea sera lakini hukatazwa kumpigia debe mgombea, na njia rahisi ya kuua kampeni ni kumpa mpinzani sababu ya kusema "hawa ni watu wa fulani."

Nani ana kalamu, na lini

Neno "uchechemuzi", yaani kushawishi viongozi wabadilishe sera, lina harufu ya semina, na semina hupenda kuchora miduara ya wadau. Mnachohitaji ni karatasi yenye safu nne: jina, anaamua nini, yuko upande gani kwa alama 1 hadi 5, anamsikiliza nani. Alama 1 ni mpinzani wa wazi, 5 ni anayetusemea bila kuombwa. Jazeni kwa kila mjumbe wa baraza, kwa mkuu wa idara ya elimu, mhasibu, afisa ununuzi na mwanasheria wa halmashauri. Maafisa hawapigi kura, lakini dokezo la mwanasheria lenye mstari mmoja, "pendekezo linakinzana na kanuni", linazika kazi ya mwaka mzima. Nendeni kwake mapema, mkamuulize angeliandikaje yeye ili lisikinzane.

Baraza likiwa na wajumbe 15 wanaopiga kura, wingi ni 8. Msilale mkiwa na 8. Tafuteni 10, kwa sababu siku ya kura mmoja atasafiri na mwingine atakuwa amepigiwa simu. Nguvu zenu zielekezeni kwa wenye alama 3. Wa 1 waacheni walivyo, maana kubishana nao hadharani kunawapa jukwaa.

Kalenda ni nusu ya ushindi. Ulizeni, kwa maandishi, tarehe nne: lini idara zinawasilisha makadirio, lini kamati ya fedha inayajadili, lini baraza linapitisha bajeti, lini zabuni za chakula hutangazwa. Dai linalofika baada ya tarehe ya kwanza hupewa jibu la heshima: "Tutalizingatia mwaka ujao." Rudini nyuma wiki nane kutoka tarehe hiyo, hapo ndipo hesabu zenu za mavuno ziwe zimekamilika. Maana yake maandalizi ya upimaji yanaanza angalau wiki 14 kabla: mbili za kujipanga, nne za kuvuna na kupima, nane za kuonana na watu.

Ukurasa mmoja

Mwenye uamuzi anasoma ukurasa mmoja, pengine ndani ya gari. Juu kabisa sentensi ya dai. Chini yake shida kwa mistari mitatu, hesabu ya mahitaji na uwezo, kifungu cha kanuni mnachotaka kibadilishwe kikiwa kimenukuliwa jinsi kilivyo na jinsi mnavyotaka kisomeke, kisha gharama. Msiseme haitagharimu kitu. Bei ya mkulima wa karibu inaweza kuwa juu kwa baadhi ya miezi na chini kwa mingine. Onyesheni wastani wa mwaka na mseme tofauti italipwa kutoka wapi, kwa mfano kwa kubadilisha menyu ifuate msimu.

Tahadhari kuhusu takwimu za dunia. Sentensi "wakulima wadogo wanalisha dunia kwa asilimia 80" inazunguka kwenye kila semina, na imechanganya vitu viwili. Watafiti wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walichapisha mwaka 2021 hesabu iliyotenganisha: mashamba ya familia ya ukubwa wowote yanazalisha takriban asilimia 80 ya chakula cha dunia kwa thamani, ilhali mashamba yaliyo chini ya hekta 2 yanazalisha takriban asilimia 35. Hayo madogo ni kama asilimia 84 ya mashamba yote na yanatumia karibu asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo. Kwa kweli hesabu sahihi inawafaa zaidi: asilimia 12 ya ardhi, theluthi moja ya chakula. Mkitumia ile iliyopotoka, mtu mmoja aliyesoma ndani ya chumba atawaumbua na namba zenu za mizani, ambazo ni za kweli, zitatiliwa shaka pamoja nayo.

Nyaraka za kimataifa ni chumvi, si mboga. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za wakulima na watu wengine wanaofanya kazi vijijini lilipitishwa Desemba 2018. Kifungu cha 17 kinahusu ardhi, cha 19 mbegu. Si sheria inayoifunga halmashauri. Muongo wa Kilimo cha Familia wa Umoja wa Mataifa unakwenda 2019 hadi 2028. Angalieni serikali yenu ilipigaje kura kwenye azimio hilo na kama imeandika mpango wa taifa wa muongo huo, ikiwa ndiyo, mstari mmoja kwenye ukurasa wenu unatosha: "Pendekezo hili linatekeleza ahadi ambayo nchi imeshaitoa."

Ndani ya chumba

Nendeni watatu au wanne: mkulima anayejua hesabu, mzazi au mpishi, na mwandishi wa kumbukumbu ambaye hasemi. Kila mmoja ajue kipande chake. Wakiwa kumi kila mtu atataka kutoa dukuduku lake na dakika zitaisha kwenye barabara mbovu na bei ya mbolea, mambo ya kweli ambayo mtu huyo hana mamlaka nayo.

Mazungumzo huenda hivi. Salamu, kisha dai ndani ya dakika mbili za kwanza. Halafu swali linalofungwa: "Mheshimiwa, utaunga mkono kifungu hiki kwenye kamati ya fedha?" Baada ya swali, nyamazeni. Ukimya unatesa, na wengi huuvunja wenyewe kwa kuongeza maelezo na hivyo kumpa mwenzao pa kujificha. Akisema "nitaangalia", mwulizeni anahitaji nini ili aamue na mumletee lini. Akisema hapana, mwulizeni sababu, andikeni kwa maneno yake, shukuruni. Kesho yake pelekeni barua fupi: "Tulikubaliana kwamba..." Barua ipitie masijala, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala isiyo na muhuri ni hadithi.

Pingamizi litakalokuja bila kukosa ni usalama wa chakula. Msilichukulie kama tusi. Mara nyingi linatoka kwa msambazaji mkubwa, lakini mpishi na wazazi nao wana haki ya kujibiwa. Jibu ni kumbukumbu. Kila kreti iwe na lebo ya namba ya shamba, zao na tarehe ya kuvuna, ili tatizo likitokea chanzo kijulikane siku hiyohiyo. Kila mkulima awe na daftari la viuatilifu: dawa gani, lini, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama lebo ya dawa inavyoagiza. Kwa vyakula vinavyoharibika upesi, onyesheni mnavyovikinga na kiwango cha joto kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa cha hatari kwa sababu vijidudu huzaliana haraka humo. Mkileta daftari halisi lenye vidole vya udongo kwenye kurasa, pingamizi hupungua ghafla.

Kukiwa na kikao cha wazi cha kutoa maoni, muda kwa kawaida ni dakika 2 au 3. Dakika 3 ni kama maneno 300 ya kusomwa kwa utulivu, basi andikeni 270. Wazungumzaji wenu watano wasirudie jambo moja: mmoja wingi, mmoja ubora, mmoja malipo, mmoja usalama, wa mwisho asome kifungu neno kwa neno.

Saini, ziara na redio

Hati ya saini ina kazi mbili, kuonyesha wingi na kupata namba za simu za watu wa kuwaita siku ya kura. Dai lote liandikwe juu ya kila karatasi. Ukurasa wa pili wenye majina matupu unaweza kukataliwa kwa hoja kwamba waliosaini hawakujua wanasaini nini. Safu ziwe jina kamili, mahali anapoishi, simu, tarehe, saini. Kusanyeni theluthi zaidi ya lengo, kwa kuwa zitaondolewa zilizorudiwa na zisizosomeka. Pigeni nakala kabla ya kukabidhi.

Ziara ya shambani inashinda hati yoyote, mradi iwe fupi. Mleteni mjumbe mwenye alama 3 asubuhi ya mavuno, mmuonyeshe kipande kilichopimwa, mizani, lebo, daftari, kisha mpeni aone mzigo ukipakiwa. Dakika 40, bila hotuba.

Redio na mitandao wekeni mwishoni. Mkianza nayo, mwenye uamuzi anajiona amevamiwa na anajibu kwa kiburi. Ikija baada ya vikao vya heshima vyenye barua zenye muhuri, mnaweza kusema hadharani ni nani aliahidi nini na tarehe gani. Msitaje neno ambalo hamna karatasi yake.

Baada ya kura

Kura ikipita, nusu ya kampeni huenda kulala, na hapo ndipo ushindi unapoyeyuka. Azimio la baraza halimlazimishi afisa ununuzi mpaka liingie kwenye nyaraka za zabuni. Ombeni muhtasari uliothibitishwa wa kikao, kisha rasimu ya zabuni kabla haijatangazwa, na mlinganishe neno kwa neno. Sharti lililofutwa na baraza hupenda kurudi kwa mlango wa nyuma ndani ya kiambatisho cha tathmini.

Ombeni pia nafasi ya kudumu mezani. Mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee nchini Marekani, uliunda baraza la sera ya chakula mwaka 1982, na miji mingi imefuata mfano huo tangu hapo. Lenu linaweza kuwa la watu saba tu: wakulima, mpishi, mzazi, afisa ununuzi, mhasibu. Likikutana kila robo mwaka na kuandika kumbukumbu, linatosha.

Upande wenu, anzeni na shule mbili, si zote. Teueni mtu mmoja wa kupokea oda na kugawa zamu za mavuno, na mkulima wa akiba kwa kila zao. Kosa la kawaida la mwezi wa tatu ni hili: bei ya soko la nje inapanda, wanachama wawili wanauza huko, shule inapata nusu ya mzigo. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba anayekosa zamu bila taarifa ya siku tatu anapoteza zamu mbili zinazofuata. Inauma, lakini shule isipopata mboga mara mbili itarudi kwa msambazaji wa zamani na atapokelewa kama mkombozi.

Fuatilieni kwa karatasi moja ya kila mwezi yenye safu sita: tarehe ya oda, kilo zilizoagizwa, kilo zilizopokelewa, kilo zilizokataliwa na sababu, tarehe ya ankara, tarehe ya malipo. Mpokeaji jikoni asaini siku ileile. Siku ya 31 ankara ikiwa haijalipwa, pelekeni barua siku hiyo, si siku ya 60, mkiambatisha hati ya kupokelea mzigo na nukuu ya kifungu. Nakala ya jedwali la miezi mitatu ya kwanza ifike kwa kila mjumbe aliyepiga kura ya ndiyo na ya hapana, kabla idara hazijaanza kuandaa makadirio ya mwaka unaofuata.